Kupima ubora wa spika kubwa za kusimama sakafuni kwa ajili ya filamu na muziki

Msikilizaji_Mtulivu (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na spika kubwa, zile ndefu zinazosimama zenyewe sakafuni, kwa sababu kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Chumba changu kina urefu wa mita 5.4, upana wa mita 3.9 na kimo cha mita 2.7. Spika zitakaa upande wa ukuta mfupi, na kochi liko mita 3.6 kutoka ukuta huo, hivyo masikio yangu yatakuwa takribani mita 3 kutoka kwenye spika. Resiva niliyo nayo (amplifaya inayoendesha spika za filamu na muziki) imeandikwa wati 100 kwa kila chaneli kwenye omu 8. Nusu ya muda wangu natazama filamu, na nusu iliyobaki nasikiliza muziki nikiwa nimekaa na kutulia, bila kufanya kazi nyingine.

Nimebaki na jozi mbili za kuchagua. Ya kwanza ina wufa (viwambo vya besi) mbili za sentimita 20 katika kila boksi, na karatasi yake inasema desibeli 91 kwa volti 2.83 katika umbali wa mita 1, ukinzani omu 4. Ya pili ina wufa tatu za sentimita 16.5 katika kila boksi, desibeli 88 kwa kipimo hichohicho, ukinzani omu 8. Zote mbili zinadai kushuka hadi hezi 32. Nilizisikiliza dukani zikibadilishwa kwa swichi bila kugusa kitufe cha sauti, na jozi ya kwanza ilinivutia mara moja: besi nzito, uwazi, uhai. Ya pili ilisikika ya upole mno kwa umbo lake.

Je, nilichosikia dukani kinatosha kuamua? Spika inayofaa filamu inaweza kufaa muziki pia, au ni lazima nichague upande mmoja? Na nikishanunua spika zenye wufa nyingi namna hii, bado nitahitaji sabufa?

Fundi_Mizani

Ndugu Msikilizaji, umefanya vyema kuweka vipimo, maana jibu la swali lako la kwanza limo humohumo katika namba ulizoandika. Volti 2.83 zikiingia kwenye spika ya omu 8 ni wati 1. Volti hizohizo zikiingia kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo jozi ya kwanza ilipata desibeli zake 91 kwa kula umeme mara mbili ya ile ya pili, na kwa kuwa umeme ukiongezwa maradufu sauti hupanda kwa desibeli 3, ukiipa wati 1 tu inarudi kwenye 88, sawasawa na mwenzake. Dukani kitufe cha sauti hakikuguswa, amplifaya ikawa inatoa volti zilezile kwa jozi zote mbili, na jozi ya kwanza ikapiga juu zaidi kwa desibeli 3 tangu mwanzo hadi mwisho.

Tofauti ya namna hiyo mara nyingi sikio haliitambui kuwa ni ukubwa wa sauti. Masikio yetu hayaitikii masafa yote kwa kiwango kimoja: sauti ikipandishwa, besi hukua sikioni kwa kasi kuliko sauti za kati, na ndiyo maana spika inayopiga juu kidogo husikika kama spika yenye besi nzito, uwazi na uhai, maneno yaleyale uliyoyatumia. Sisemi kwamba jozi ya kwanza ni mbaya. Ninachosema ni kwamba bado hujazilinganisha. Rudi dukani, weka simu yenye programu ya kupimia sauti mahali kichwa chako kitakapokuwa na usiisogeze tena, piga pinki noizi, ule mvumo wa majaribio unaofanana na maporomoko ya maji yaliyo mbali, kisha sawazisha jozi hizo mpaka tofauti ifike nusu desibeli au chini yake. Simu inatosha kwa kazi hii, kwa kuwa unatafuta tofauti kati ya spika mbili na huhitaji thamani kamili.

Baada ya kusawazisha, yaondoe macho katika hukumu. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya majaribio ambamo wasikilizaji walizipa alama spika zilezile mara moja wakiziona na mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia, na alama zikabadilika sana kwa sababu ya kuona tu. Hata wasikilizaji wenye uzoefu hawakuepuka hilo. Spika ndefu yenye wufa tatu zilizo wazi inaahidi besi kabla haijapiga noti hata moja, na ahadi hiyo ina nguvu. Mwombe mtu abadilishe swichi bila kukuambia ipi inapiga, nawe ufumbe macho.

Usianze na besi. Anza na mtu anayezungumza, spika moja tu ikipiga, kwa sababu spika mbili zikipiga pamoja upana wa sauti hufunika kasoro nyingi ambazo spika moja haiwezi kuzificha. Chagua sauti ya mwanamume mwenye sauti nzito, iliyorekodiwa karibu. Boksi likiwa na kuta dhaifu utasikia kifua ambacho mtu huyo hana, uzito unaobaki palepale hata anapopandisha na kushusha sauti yake. Hapo inuka uende kwenye spika, ugonge ubavu wake kwa kifundo cha kidole, katikati ya urefu, mahali ambapo ubao uko mbali na kona. Mlio mfupi na mkavu ni dalili ya ubao mnene uliofungwa mbavu kwa ndani. Mlio wenye noti, unaoendelea kidogo baada ya kidole kuondoka, utausikia tena kwenye kila sauti ya mwanamume utakayoipiga. Spika ndefu zina ubavu mkubwa kuliko spika za kuweka kwenye rafu, kwa hiyo ugonjwa huu ni wao hasa.

Kisha rudisha pinki noizi na utembee polepole kutoka mbele ya spika kuelekea ubavuni mwake. Spika iliyobuniwa vizuri hupoteza sauti za juu hatua kwa hatua, bila kuruka. Ukisikia rangi ya mvumo inageuka ghafla kwenye pembe fulani, basi pale krosova, saketi inayogawa masafa kati ya viwambo, inapogawanya kazi, twita (kiwambo cha sauti za juu) na kiwambo cha sauti za kati havitawanyi sauti kwa upana unaolingana. Jambo hili lina uzito kwa sababu sauti inayokufikia kwenye kochi ni mchanganyiko wa ile iliyokuja moja kwa moja na ile iliyogonga kuta kwanza, na ikiwa iliyokwenda ukutani ina rangi nyingine, hakuna marekebisho ya resiva yatakayozipatanisha. Kama spika zako zina grafu za CTA-2034, kiwango cha kupimia spika, zitazame kabla ya karatasi yoyote ya matangazo. Zinatokana na vipimo 70 vilivyochukuliwa kuizunguka spika, kwa mlalo na kwa wima, na zinaeleza hali ya pembeni ambayo namba moja ya desibeli haiwezi kuieleza.

Hiyo hezi 32 iliyoandikwa kwenye zote mbili haina maana mpaka uambiwe ni kwa kushuka kwa desibeli ngapi. Hezi 32 kwa kushuka kwa desibeli 3 na hezi 32 kwa kushuka kwa desibeli 10 ni spika mbili tofauti kabisa.

Mwisho, omba grafu ya ukinzani ya jozi ya kwanza. Resiva ya wati 100 kwenye omu 8 inatoa volti kama 28. Volti hizo kwenye omu 8 zinadai ampea 3.5, na kwenye omu 4 zinadai ampea 7, mzigo ambao resiva nyingi zenye chaneli saba au tisa ndani ya boksi moja haziubebi kwa raha. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka ukinzani usishuke popote chini ya asilimia 80 ya ule ulioandikwa, yaani omu 3.2 kwa spika ya omu 4, lakini wapo watengenezaji wasiokizingatia, na mshuko wenyewe mara nyingi huangukia kwenye eneo la besi ambako muziki na filamu hula umeme mwingi.

Mpenda_Noti

Nakubaliana na Fundi_Mizani kuhusu kusawazisha sauti, na ningetamani kila duka lilazimike kufanya hivyo kabla ya kumkalisha mteja kwenye kiti. Naomba niongeze habari ya chumba, kwa kuwa chini ya hezi 200 hadi 300 chumba kina sauti kubwa ya kuamua kuliko spika, na chumba chako, Ndugu Msikilizaji, kina jambo linalohitaji uangalifu.

Urefu wako wa mita 5.4 ni mara mbili kamili ya kimo chako cha mita 2.7. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, na chumba huvuma pale nusu ya wimbi inapoenea sawasawa kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kwa urefu wako hiyo ni karibu hezi 32, kwa upana ni hezi 44, na kati ya sakafu na dari ni hezi 63.5. Tatizo ni kwamba urefu una mvumo wake wa pili, maradufu ya ule wa kwanza, nao unaangukia kwenye hezi 63.5 hiyohiyo. Mivumo miwili imekaa mahali pamoja. Gitaa la besi lina noti mbili zinazopakana na eneo hilo, B ya hezi 61.7 na C ya hezi 65.4, na katika chumba kama chako noti hizo mbili zina kila sababu ya kuvimba na kuchelewa kunyamaza huku majirani zake zikibaki na adabu.

Hilo ndilo jaribio ningekuomba ulifanye badala ya kusikiliza nyimbo zenye besi kubwa. Tafuta rekodi ya gitaa la besi likipanda noti kwa noti, kuanzia E ya chini kabisa, hezi 41.2, hadi C ya hezi 130.8, kila noti ikipigwa kwa nguvu ileile. Kaa kwenye kochi na kalamu, uandike ipi imevimba na ipi imepotea. Kisha simama ukutani nyuma ya kochi, urudie. Utashangaa noti iliyokuwa dhaifu kwenye kochi inavyokujaa masikioni ukutani. Spika ni ileile na volti ni zilezile. Mtu asiyelijua hili hulaumu wufa, hubadilisha spika, kisha hukutana na noti ileile iliyovimba katika spika mpya.

Una bahati ya mahali pa kochi. Mita 3.6 ni theluthi mbili ya urefu wa chumba, na hapo mvumo wa kwanza na wa pili wa urefu hauko kileleni wala shimoni. Usilirudishe kochi hadi ukutani, kwa sababu ukutani mivumo yote ya urefu hufika kilele. Usilisogeze katikati kabisa, mita 2.7 kutoka mbele, kwa sababu hapo hezi 32 inatoweka na 63.5 ya urefu inapanda hadi mwisho wake. Umbali wa spika na ukuta ulio nyuma yao nao una shimo lake: uso wa boksi ukiwa sentimita 70 kutoka ukutani, sauti inayorudi kutoka ukutani hufika ikiwa kinyume na ile ya moja kwa moja karibu na hezi 122, na hapo ndipo panapokaa mwili wa sauti ya kiume na wa noti za chini za gitaa la kawaida. Sogeza spika sentimita kumi kumi, mbele au nyuma, ukisikiliza eneo hilo.

Sasa kuhusu spika zenyewe. Watu huhesabu wufa. Wufa mbili za sentimita 20 na tatu za sentimita 16.5 zina eneo la koni, ule uso wa wufa unaocheza, linalokaribiana sana, kwa hiyo idadi hiyo isikusumbue. Eneo kubwa lina faida moja ya kweli: kila unaposhuka oktava moja, yaani hezi zikipungua nusu, koni hulazimika kusafiri mara nne zaidi ili kutoa kiwango kilekile cha sauti, na koni zikigawana kazi, kila moja husafiri kidogo na kubaki safi. Hapo ndipo ukubwa wa spika ndefu unapolipa, katika utulivu wake sauti inapopanda, hata kama hezi ya chini kabisa ni ileile ya spika ndogo.

Kwa hiyo swali ambalo ningelitanguliza kuliko idadi ya wufa ni hili: je, sauti za kati zina kiwambo chake peke yake, ndani ya chemba yake iliyofungwa? Koni moja ikibeba pigo la ngoma kubwa na papo hapo ikabeba sauti ya mwimbaji, kila pigo humtikisa mwimbaji. Chagua rekodi yenye mwimbaji mmoja mbele na ngoma nzito nyuma yake, uanze kwa sauti ya chini na kuipandisha kidogo kidogo, huku ukimfuata mwimbaji tu. Katika spika nzuri anabaki mahali pake, kwa ukubwa uleule, hata ngoma zikimwangukia. Katika spika iliyozidiwa anaanza kukwaruza kwenye herufi za s na sh, au anarudi nyuma kila ngoma inapopiga, kisha anajitokeza tena. Ukilisikia hilo mara moja hutalisahau.

Na usisahau kusikiliza kwa sauti ya chini, ile utakayoitumia usiku. Sikio hupoteza besi haraka sauti inaposhuka, kama mikondo ya usikivu wa sikio ya kiwango cha ISO 226 inavyoonyesha, na spika inayosimulia muziki vizuri pale tu inapopigwa kwa nguvu itakuchosha kwa sababu utailazimisha kila siku.

Kiti_cha_Katikati

Ndugu Msikilizaji, mimi ni mtu wa filamu zaidi, lakini nakuhakikishia kwamba hakuna aina mbili za spika, moja ya filamu na moja ya muziki. Spika iliyo nyoofu katika masafa yake na inayotawanya sauti kwa utaratibu hutumikia yote mawili. Filamu inaongeza madai mawili tu: nafasi ya kupanda ghafla, na maneno kusikika kutoka kila kiti.

Kuhusu kupanda ghafla, filamu huchanganywa kwa kiwango ambacho kila chaneli kuu inaruhusiwa kufika kilele cha desibeli 105 mahali pa msikilizaji, na chaneli ya athari za besi desibeli 115. Tupige hesabu ya spika zako. Kwa kuwa zote mbili ni desibeli 88 kwa wati 1, wati 100 zinaongeza 20, tunapata 108 katika mita 1. Kwenda mita 3 mahali pa wazi ungepoteza desibeli 9.5, lakini kuta za chumba zinarudisha sehemu, tuseme 3, hivyo kwenye kochi una karibu desibeli 101. Hufiki kiwango kamili cha sinema, na ni wachache wanaokihimili nyumbani. Ukisikiliza desibeli 10 chini yake, kama wengi wetu tunavyofanya, vilele vinakuwa 95 na vinahitaji wati zisizofika 25. Resiva yako inatosha, mradi isilazimishwe kubeba besi ya chini kabisa.

Kwa sababu hiyo, ndiyo, utahitaji sabufa. Boksi lenye tundu la hewa hupata msaada wa tundu hilo hadi kwenye masafa liliyopangiwa. Chini ya hapo sauti huanguka kwa desibeli 24 kwa kila oktava, na koni hukosa hewa ya kuishikilia, ikacheza mbele na nyuma kwa nguvu bila kutoa sauti ya maana. Muziki mwingi hauendi huko. Filamu huenda huko mara kwa mara, hadi hezi 20 na hata chini yake. Ingia kwenye menyu ya resiva uziandike spika zako kuwa ndogo, uweke mkato, mpaka ambao besi iliyo chini yake hupelekwa kwa sabufa, kwenye hezi 80, ambao ndio mkato uliozoeleka tangu THX, kampuni ya viwango vya sauti za sinema, iuweke katika viwango vyake. Najua inauma kuandika neno hilo mbele ya spika inayofika kifuani mwa mtu. Lakini wufa zikishapunguziwa mzigo huo, sauti za kati zinatulia, resiva inapumua, na sabufa unaweza kuiweka mahali chumba kinapoipenda, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa spika ndefu kwa kuwa mahali pake panaamuliwa na picha ya stereo. Kwa muziki unaweza kujaribu kuziacha zipige zenyewe zote, na kama chumba kinakubali, ziache.

Sasa neno ambalo ningependa ulibebe hadi dukani: usizihukumu spika hizi bila spika yao ya kati. Katika filamu mazungumzo mengi hutoka katikati, na spika ndefu nzuri kuliko zote haitakusaidia mhusika akinong'ona na wewe usimsikie. Spika nyingi za kati hulazwa, wufa moja kushoto, nyingine kulia, na twita peke yake katikati. Umbo hilo linapendeza chini ya skrini lakini lina adhabu. Wufa mbili zilizoachana sentimita 30 zikipiga hezi 1,500 kwa pamoja, hufutana kwenye pembe ya digrii 22 hivi, kwa sababu hapo sauti ya moja inachelewa nusu wimbi nyuma ya nyingine. Kwa mtu aliye mita 3 mbele, digrii 22 ni mita 1.2 upande, yaani pale hasa anapokaa mtu wa pembeni wa kochi. Yeye ndiye atakayeuliza kila mara, «amesema nini?», na wewe uliyekaa katikati hutaelewa anachouliza.

Tafuta spika ya kati ambayo twita yake imekaa juu ya kiwambo kidogo cha sauti za kati, wima, na wufa za pembeni zikabaki na kazi ya chini tu. Iwe na twita ileile ya spika ndefu, ili gari linapovuka skrini kutoka kushoto kwenda kulia mlio wake usibadilike njiani. Ijaribu kwa mazungumzo ya kunong'ona, ukikaa mwisho wa kochi wala si katikati.

Msikilizaji_Mtulivu

Nashukuru sana nyote. Sikuwa nimeijua kabisa habari ya wati 1 na wati 2, na sasa naelewa kwa nini jozi ya pili ilionekana ya upole. Duka limekubali kunipa jozi moja kwa wakati mmoja niende nayo nyumbani kwa siku chache, kisha nibadilishe. Je, nifanye nini kwanza nikiwa na spika hizo chumbani? Na zile sponji zinazokuja na spika za kuziba tundu la hewa, zina kazi gani?

Fundi_Mizani

Ndugu Msikilizaji, ukipewa nafasi hiyo basi sahau swichi ya dukani, maana kumbukumbu ya sikio kwa rangi ya sauti ni fupi na hutaweza kulinganisha jozi ya leo na ya juma lijalo kwa kukumbuka. Andika. Tumia rekodi zilezile chache, mahali palepale, kwa kiwango kilekile cha sauti kwenye kochi, na kila jozi uiandikie karatasi yake: sauti ya mwanamume, mwimbaji chini ya ngoma, ngazi ya gitaa la besi, mnong'ono kutoka mwisho wa kochi.

Ukiweza kupata maikrofoni ya kupimia, mfano UMIK-1, pamoja na programu ya REW isiyo ya kulipia, pima spika ya kushoto peke yake, kisha ya kulia peke yake, kichwa chako kikiwa hakipo njiani. Utauona mvimbo wa hezi 63 ambao Mpenda_Noti ameueleza, na mashimo ya kuta. Mvimbo unaweza kuupunguza kwa marekebisho ya resiva. Shimo usilijaze, kwa sababu kuongeza desibeli 10 mahali pamoja kunadai umeme mara kumi, na kama shimo linatokana na mawimbi kufutana, umeme wote huo utafutwa pia. Hamisha spika au kochi. Marekebisho yaishie karibu hezi 300. Juu ya hapo ninapendelea kuiacha spika ijieleze, na kama haijielezi vizuri, hiyo ndiyo sababu ya kuirudisha.

Sponji hubadilisha tabia ya boksi. Tundu likizibwa, besi ya karibu na masafa ya tundu hupungua, lakini mporomoko unakuwa wa taratibu zaidi, karibu desibeli 12 kwa oktava badala ya 24, na koni inashikiliwa vizuri zaidi chini kabisa. Kwa mtu mwenye sabufa, ambaye spika zake ziko karibu na ukuta, mara nyingi ni mpango mzuri. Jaribu njia zote mbili katika kila jozi. Miguu ya misumari, waya wa milimita za mraba 2.5 na jozi mbili za vituo vya waya nyuma ya boksi havihitaji muda wako katika siku hizo chache. Hakikisha tu kwamba boksi halitikisiki sakafuni.

Kwa upande wangu, nikiwa na resiva yako na chumba chako, ningeanza na ile grafu ya ukinzani. Kama jozi ya kwanza inashuka chini ya omu 3.2 kati ya hezi 80 na 150, ningechukua ya pili na kuongeza sabufa. Kama haishuki, na spika yake ya kati ina twita iliyokaa wima juu ya kiwambo cha kati, ningeipeleka nyumbani ile ya kwanza kwanza.